ZAWADI YA KAMARI HULIPWA NA MCHEZAJI MWENYEWE

Siku ya mshahara ikifika, si watoto wa nyumbani tu wanaomngojea mfanyakazi. Mwenye duka anamngojea na daftari lake la madeni. Mkopeshaji anamngojea. Na siku hizi yuko mwingine ambaye hana haja ya kusimama langoni. Huyu hutuma ujumbe kwenye simu: umepewa shilingi 5,000 za bure, cheza leo kabla ya saa sita ya usiku.

Sisi tunaotembelea matawi kutoka Hima mpaka Bwera tumeonyeshwa ujumbe wa namna hii mara nyingi. Wenzetu wa viwandani wanaujua. Wenzetu wa vinu vya pamba na kahawa wanaujua, na wa mashamba ya Mubuku, na wapakiaji wa mizigo pale mpakani Mpondwe. Wengi wanatuuliza swali moja: kama kampuni ya kamari inataka kula pesa yetu, mbona inatugawia ya kwake?

Swali hilo ni zuri na linastahili jibu. Hatutaki kumhubiria mtu hapa, kwani mahubiri yako kanisani na msikitini. Tunataka kueleza zawadi hizi zilianzia wapi, zimebadilikaje, na nani hasa anayezilipia.

ZAWADI ZA MABWANA WAKUBWA

Huko Marekani, jimbo la Nevada liliruhusu kamari kwa sheria mwaka 1931. Katika mji wa Las Vegas zikajengwa hoteli kubwa zenye kasino ndani yake. Wenye kasino walifahamu mapema jambo moja: mchezaji anaweza kushinda leo, lakini akikaa mezani saa nyingi, hesabu inarudi upande wao. Kwa hiyo kazi yao ikawa kumfanya akae, na akiondoka, arudi.

Wakampa pombe ya bure pale pale mezani. Mchezaji mkubwa alipewa chumba bila kulipa, chakula bila kulipa, hata tiketi ya ndege ya kuja na kurudi. Waliopata hayo walikuwa matajiri. Meneja alimtazama mtu kwa macho yake: anaweka kiasi gani, na anakaa muda gani. Kisha akaamua huyu apewe nini.

Lakini hata wakati huo zawadi haikutolewa kwa ukarimu. Ilipigiwa hesabu. Tuchukue mfano kwa pesa zetu. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vyumba 38, na viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyoipa kasino faida yake. Maana yake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, kasino hubaki na shilingi 5 na kidogo, kwa wastani. Tuseme mtu anaweka shilingi 5,000 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne. Ameweka jumla ya shilingi 800,000. Sehemu ya kasino hapo ni kama shilingi 42,000. Sasa meneja anamrudishia thuluthi moja, yaani chakula cha shilingi 14,000. Mchezaji anafurahi na kusema amekula bure. Kumbe amenunua sahani ya wali na kuku kwa shilingi 42,000, na mwenye kuuza ametoka na 28,000.

Hesabu hiyo ndiyo mzizi wa zawadi zote tutakazozitaja hapa chini. Sura yake imebadilika mara nyingi. Mzizi haujabadilika.

BASI, SARAFU NA KADI

Badiliko la kwanza lilikuwa kuwafuata watu wa kawaida. Mwaka 1978 kasino ya kwanza ilifunguliwa katika mji wa Atlantic City, jimbo la New Jersey. Mji huo uko karibu na New York na Philadelphia, miji yenye wafanyakazi wengi na wastaafu wengi. Kasino zikaleta watu kwa mabasi. Abiria akishuka alipewa fungu la sarafu za kuanzia kucheza, na cheti cha kupatia chakula. Tazameni jambo hili vizuri. Tajiri alipewa chumba, mstaafu akapewa sarafu, na sarafu zenyewe zilikuwa za kutia katika mashine iliyokuwa mbele yake.

Badiliko la pili lilikuja katika miaka ya 1980. Kasino zilianza kuwapa wachezaji wa mashine kadi za uanachama. Mtu alichomeka kadi yake katika mashine, na mashine ikaandika kila sarafu aliyocheza. Alipata pointi, na pointi zilibadilishwa kwa chakula au kitu kingine. Tangu hapo hapakuwa na haja ya macho ya meneja. Kadi ilijua mtu huyu amekuja siku gani, amecheza kwa haraka gani, amepoteza kiasi gani na ameondoka saa ngapi. Mchezaji alidhani anakusanya pointi. Kasino ilikuwa inakusanya habari zake.

Mwaka 1997 kampuni ya Harrah's iliunganisha kasino zake katika mpango mmoja wa zawadi. Mwaka uliofuata ikamwajiri Gary Loveman, aliyekuwa mwalimu wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2003 Loveman mwenyewe alieleza katika jarida la chuo hicho walichokuta ndani ya habari za kadi. Katika kila wachezaji 100, wachezaji 26 ndio walioleta asilimia 82 ya mapato. Na hao 26 hawakuwa mamilionea waliozoea kupewa vyumba vya bure. Walikuwa watu kama walimu, madaktari, watu wa benki na mafundi wa mitambo, wengi wao watu wazima na wazee.

Mafundi wa mitambo, ndugu zangu. Kampuni iligundua kwamba mali haiko kwa tajiri anayekuja mara moja kwa mwaka. Iko kwa mtu wa mshahara anayerudi kila wiki. Tangu hapo zawadi zikaelekezwa kwake.

KWETU KASESE

Mambo hayo ya mbali yalitufikiaje? Kenya ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966. Uganda ilikuwa na sheria ya bahati nasibu ya taifa ya mwaka 1967, na ya mwaka 1968 juu ya kamari na ubashiri wa mpira. Lakini kwa miaka mingi kasino zilikuwa jambo la mji mkuu, la watalii na wenye mali. Mfanyakazi wa huku hakuzijua.

Wazee wetu waliofanya kazi mgodi wa shaba wa Kilembe, tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956 mpaka mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao walicheza. Walicheza karata kambini, na watu walipoteza mshahara humo, na nyumba ziligombana. Hatusemi kamari ni kitu kigeni. Lakini kulikuwa na tofauti mbili. Aliyeshinda alikuwa jirani, na pesa ilibaki kambini, ikanunua ndizi na nguo pale pale. Tena hakuna aliyemwandikia mpotezaji asubuhi kumpa zawadi ili arudi jioni.

Mwaka 2009 huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Uganda, na katika miaka iliyofuata maduka ya kubeti yakaenea mpaka katika senta ndogo. Zawadi ya kwanza ya maduka hayo ilikuwa benchi, kivuli na televisheni. Tuseme kweli: hiyo si zawadi ndogo. Kijana anayeishi chumba kimoja bila umeme anapata mahali pa kukaa na wenzake na kutazama mpira wa Uingereza. Sisi wenyewe, chama na serikali, hatukumpa mahali pengine pa kukaa. Wenye maduka waliona pengo hilo wakalijaza, na bei ya kiti ikawa tiketi.

Halafu zawadi zikahamia kwenye simu. Hapo zikawa nyingi, na kila moja ina jina tamu:

Bonasi ya kukaribishwa, ambapo unaweka pesa mara ya kwanza na kampuni inakuongezea.

Tiketi ya bure, ambayo hutumwa hasa kwa mtu aliyekaa siku kadhaa bila kucheza.

Kurudishiwa sehemu ya hasara, ambapo ukipoteza unapata kidogo cha kuchezea tena.

Nyongeza ya tiketi ndefu, ambapo kadiri unavyoweka mechi nyingi katika tiketi moja, ndivyo ushindi unavyoongezwa.

Na kadi ya plastiki haina kazi tena. Simu yako ndiyo kadi. Ile basi ya Atlantic City ilimchukua mstaafu kwake ikampeleka kasino. Leo kasino inasafiri yenyewe mpaka kitandani kwa kibarua, saa nane za usiku, baada ya zamu.

HESABU YA BONASI

Tulikaa na wenzetu wa Bwera tukasoma masharti ya bonasi moja moja, mstari kwa mstari. Kazi hiyo yafaa ifanywe katika kila tawi. Tunaweka hapa hesabu mbili kwa mfano tu. Namba za kampuni yako zinaweza kuwa nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Hesabu ya kwanza ni ya tiketi ndefu. Tuseme katika kila mechi moja kampuni inajiwekea shilingi 6 katika kila 100. Mtu akibeti mechi moja, zinazorudi kwa wachezaji ni 94 kwa wastani. Akiunganisha mechi mbili, sehemu ya kampuni inakatwa mara mbili, na zinabaki 88. Mechi tano, zinabaki 73. Mechi kumi, zinabaki kama 54. Kwa hiyo tiketi ya mechi kumi inaipa kampuni shilingi 46 katika kila 100. Sasa kampuni inasema: tunakuongezea asilimia 30 ya ushindi. Piga hesabu: 54 ukiongeza thuluthi yake pungufu kidogo, unapata 70. Bado shilingi 30 katika 100 zimebaki kwao, mara tano ya mechi moja. Zawadi imekutoa katika tiketi inayoipa kampuni 6 ikakupeleka katika inayoipa 30, nawe unashukuru.

Hesabu ya pili ni ya bonasi ya kukaribishwa. Unaweka shilingi 20,000 na kampuni inakupa 20,000 nyingine. Lakini sharti linasema bonasi hiyo uicheze mara kumi kabla ya kutoa pesa, na kila tiketi iwe na mechi zisizopungua tatu. Mara kumi ni shilingi 200,000. Kwa tiketi za mechi tatu, kampuni inabaki na shilingi 17 katika kila 100. Asilimia 17 ya 200,000 ni 34,000. Umepewa zawadi ya 20,000, na sharti la zawadi linakula 34,000 kwa wastani. Zawadi imekwisha, na 14,000 zako zimeifuata.

Wavuvi wetu wa Katwe na Katunguru hawahitaji kuelezwa zaidi. Mvuvi hahesabu chambo kuwa hasara.

Yatakuwako majibu: mbona fulani alishinda? Ni kweli, wako wanaoshinda, na ni lazima wawepo, kwa sababu bila wao hakuna atakayecheza. Hesabu yetu ni ya wastani, ya watu wote na ya mwaka mzima. Anayecheza mara moja anaweza kuponyoka. Anayecheza kila siku anaikaribia hesabu hiyo siku baada ya siku, na zawadi hutolewa kwa anayecheza kila siku.

WACHACHE WANAOBEBA WOTE

Huko Uingereza, ambako kamari ya simu ilitangulia, kampuni zilikuwa na makundi ya wateja wa heshima. Mteja wa kundi hilo alipewa mtu wa kumhudumia, bonasi za pekee na tiketi za kwenda uwanjani. Mwaka 2020 zilijulikana habari zilizokusanywa na Tume ya Kamari ya nchi hiyo: kampuni moja ilipata asilimia 83 ya pesa zilizowekwa kutoka kwa asilimia 2 ya wateja wake, wale wa kundi la heshima. Mwaka huo huo Tume ikakaza masharti ya makundi hayo. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba kampuni isiruhusiwe kumtaka mchezaji aizungushe bonasi zaidi ya mara kumi.

Basi ukiitwa mteja wa heshima, jiulize heshima hiyo imetoka wapi. Kiwandani, mtu anayepongezwa na meneja huwa amezalisha sana. Katika kamari, anayepongezwa amepoteza sana.

Nchi jirani zimeanza kuona. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kwetu, Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya kusimamia, na ikakataza mtu mwenye umri chini ya miaka 25 kubeti. Januari 2019 Waziri David Bahati alitangaza agizo la Rais Museveni kwamba kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni na za zamani zisiongezewe. Miaka imepita, na biashara ingali ipo. Bodi imekamata na kuharibu mashine nyingi zisizo na leseni. Lakini tembea katika senta yoyote jioni utazame nyuso za waliosimama kwenye foleni. Wangapi kati yao wametimiza miaka 25?

ZAWADI SI HAKI

Kwa nini chama cha wafanyakazi kiseme juu ya jambo hili? Wako wanaotuambia tushughulikie mishahara tu. Sisi tunasema hili ni jambo la mshahara.

Kima cha chini cha mshahara cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, na Rais hakuutia sahihi. Mtu ambaye mshahara wake hautoshi ndiye anayetafuta njia ya mkato. Kampuni ya kamari haikuleta umaskini huu. Imeukuta, ikaufanyia biashara.

Tena iko hatari nyingine ambayo tumeiona kwa macho yetu. Katika tawi moja, siku ya kupiga kura juu ya mgomo, wenzetu kadhaa walikaa kimya. Watu walidhani ni waoga. Hawakuwa waoga. Kadi zao za benki na namba zake za siri zilikuwa mikononi mwa mkopeshaji, na deni lilianza kwa tiketi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa hata wiki moja bila mshahara. Mwajiri akijua hivyo, ameshinda kabla ya kikao kuanza. Kamari haikuchukua pesa yao tu, ilichukua na sauti yao.

Tujifunze kutenganisha zawadi na haki. Likizo yako yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, imeandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Unaijua kabla, unaidai ikicheleweshwa, na anayeilipia ni mwajiri. Zawadi ya kamari haiko hivyo. Inakuja anapotaka mtoaji na inaondoka anapotaka, kipimo chake ni hasara yako, na anayeilipia ni wewe. Haki hukupa nguvu ya kusimama. Zawadi hii hukufanya urudi na kuinama.

TUFANYE NINI

Tunaleta mapendekezo haya mbele ya matawi yajadiliwe:

1. Kila anayebeti aweke daftari kwa miezi mitatu. Upande mmoja aandike kila shilingi aliyoweka, upande wa pili kila shilingi aliyoitoa mkononi. Bonasi isiandikwe popote mpaka iwe pesa taslimu. Asimwonyeshe mtu kama hataki, ila asijidanganye mwenyewe.

2. Ujumbe wa bonasi usijibiwe siku ya mshahara. Anayetaka kuacha aiombe kampuni ifunge akaunti yake na isimtumie ujumbe tena, na mjumbe wa chama amsaidie kuandika.

3. Hakuna kumpa mkopeshaji kadi ya benki wala namba ya siri. Aliyekwisha kutoa aje kwa mjumbe wa tawi kwa siri. Hatutamcheka, na hatutamtangaza.

4. Matawi yaimarishe vyama vya akiba na mikopo, ili mwenye shida ya ada ya shule akope kwa wenzake na asikope kwa tiketi.

5. Kila tawi litafute chumba, benchi na televisheni ya mpira, mahali ambapo kiti hakilipwi kwa tiketi. Jambo hili linaonekana dogo. Sisi tunaliona kubwa.

6. Chama kiitake serikali ikataze kutuma bonasi kwa mtu ambaye hakuomba, iweke kikomo cha masharti ya kuizungusha, na ilazimishe sharti la miaka 25 lifuatwe madukani na kwenye simu.

Ndugu wafanyakazi, hatumkatazi mtu mzima kutumia jasho lake atakavyo. Tunamtaka ajue bei kabla ya kununua. Sokoni Bwera hakuna mama anayekubali kununua maharage bila kuuliza bei, hata muuzaji akimwongezea kikombe kizima juu ya mzani. Huuliza kwanza, kisha hutazama mzani. Tufanye hivyo hivyo simu inapolia na kusema tumepewa cha bure.

Umoja ni nguvu.